Umeme katika Misuli ya Wazee
Tangu Luigi Galvani, tabibu wa Bologna, alipodhihirisha katika maandishi yake ya 1791 kwamba miguu ya chura aliyekufa hushtuka iguswapo na umeme, elimu ya umeme wa misuli ilikwenda taratibu, hata mwaka 1929 watafiti Adrian na Bronk walipobuni sindano yenye waya ndani yake, ichomwayo msulini, na mitetemo ya umeme ikasikika katika kipaza sauti. Mwaka 1973 mtafiti McComas na wenziwe, wakiuchunguza msuli mdogo wa juu ya wayo, walibaini kuwa baada ya miaka 60 neva ziuendeshazo hupungua. Lakini, ajabu ya Mola, zilizosalia huchipuza matawi na kuzilea nyuzi za msuli zilizoachwa yatima, hata mawimbi ya umeme yakawa machache, ila makubwa zaidi. Basi tabibu ayaonaye kwa mzee asiharakishe kumhukumia maradhi.