Kujikabidhi kwa Mungu Pasipo Dhamana: Imani ya Kikristo katika Ubwari na Fizi

Kujikabidhi kwa Mungu, katika mafundisho ya Kikristo, ni tendo la mwamini kuyaweka maisha yake, mipango yake na hatima yake chini ya mapenzi ya Mungu, akiamini kwamba anayemwongoza ni mwema na anaona mbali kuliko yeye. Maandiko yamejaa mifano yake. Abrahamu aliondoka bila kujua aendako, Mariamu alikubali habari iliyopita akili yake, na Yesu huko Gethsemane aliomba kikombe kimwondokee, kisha akayakubali mapenzi ya Baba. Kila kizazi cha Kanisa kimelisoma fundisho hili, lakini usomaji umetegemea sana hali ya wasomaji wenyewe: walikuwa na nini mikononi hata waambiwe wakiachie?

Sehemu kubwa ya mahubiri yanayosikika leo kuzunguka Maziwa Makuu imerithi lugha yake kutoka mkondo mmoja. Mwaka 1875, katika mji wa Keswick nchini Uingereza, yalianza makongamano ya kila mwaka yaliyofundisha kwamba Mkristo huishinda dhambi pale anapokoma kujitegemea na kujisalimisha kwa Kristo pasipo kubakiza kitu. Wamisionari wa Kianglikana waliotumwa Rwanda na Burundi walilelewa katika mafundisho hayo. Mmoja wao, daktari Joe Church, alikutana na Mkristo wa Uganda, Simeoni Nsibambi, katika kilima cha Namirembe, Kampala, mwaka 1929. Katika miaka ya 1930 kituo cha Gahini, Rwanda, kikawa chemchemi ya vuguvugu la Uamsho lililosambaa hadi Uganda, Burundi, Kenya, Tanganyika na mashariki ya Kongo. Matunda yake hayapingiki. Wakati wa vita vya Mau Mau wapo ndugu wa Uamsho nchini Kenya waliokubali kuuawa kuliko kula kiapo cha wapiganaji hao. Lakini lugha ya kujisalimisha ilichongwa kwanza kwa ajili ya watu wenye nyumba imara, kazi ya mshahara na serikali inayowalinda, watu ambao hatari yao kubwa ya kiroho ilikuwa kujitosheleza. Lugha hiyohiyo inapofika mahali ambapo wengi hawajawahi kuwa na mamlaka juu ya kesho yao, maana yake haiwezi kubaki ileile.

Ubwari ni mahali pa namna hiyo. Ni rasi ndefu yenye milima, inayonyooka kuelekea kaskazini ndani ya Ziwa Tanganyika, katika teritware (wilaya ya utawala) ya Fizi, mkoa wa Kivu Kusini, mashariki ya Kongo. Kati yake na bara kuna ghuba, na ng'ambo ya ghuba uko mji wa Baraka. Wavumbuzi Waingereza Richard Burton na John Speke walipofika mwaka 1858 walidhani ni kisiwa. Wabwari, Wabembe na jirani zao huishi kwa uvuvi, mihogo na biashara ya boti. Ndagala huvuliwa kwa taa usiku wa giza, na mbalamwezi ikizidi kazi husimama, kwa kuwa samaki hawaifuati tena taa. Upepo wa kusini wa kiangazi huweza kuifunga safari kwa siku kadhaa. Juu ya hayo ya ziwa yameongezeka ya binadamu: uasi wa Simba dhidi ya serikali mwaka 1964, kutekwa kwa Baraka na majeshi ya serikali na mamluki mwaka uliofuata, vita vya 1996 na 1998, mauaji ya mamia ya raia huko Makobola katika siku za kuvuka mwaka 1998 kuingia 1999, na makundi yenye silaha ambayo hayajamalizika. Kumwambia mama aliyekimbia na watoto usiku mara nne katika maisha yake kwamba aache kuyatawala maisha yake ni kumwambia neno lisilomhusu. Swali linalomhusu ni jingine: katika hayo machache aliyo nayo, ni lipi hasa Mungu anataka akabidhiwe, na ni lipi anataka mtu aendelee kulishika?

Jibu la kwanza ni dhamana, yaani hakika ya matokeo ambayo mtu hujitengenezea mwenyewe. Hapa historia ya Fizi ina funzo ambalo vitabu vya kiroho vilivyoandikwa mbali haviwezi kulitoa. Wapiganaji wa Simba walipakwa au kunyunyiziwa dawa ya kuzuia risasi. Dawa hiyo ilikuwa na masharti: mpiganaji asichukue kisicho chake, asiguse mwanamke, asiogope. Ernesto Che Guevara, mwanamapinduzi aliyekuja kuwasaidia na kukaa katika milima ya Fizi kuanzia Aprili hadi Novemba 1965, aliandika kwa masikitiko jinsi dawa hiyo ilivyojikinga dhidi ya ushahidi wowote: aliyekufa alihesabiwa kuwa amevunja sharti. Makundi ya baadaye ya wapiganaji wenyeji waitwao Mai-Mai yameendeleza desturi hiyo. Jambo la kuzingatia ni mantiki yake, ambayo inavuka mipaka ya dini. Dawa haiwezi kushindwa. Anayeshindwa ni mtu. Anayeitumia haamini mtu wala Mungu, ila anaamini utaratibu: timiza haya, utapata yale. Kwa hiyo dawa, ingawa huonekana kama kujitia chini ya nguvu zilizo juu, kwa kweli ni jitihada ya kuzitawala nguvu hizo.

Mantiki hiyo imeingia pia makanisani, na ni vigumu kuitambua kwa sababu inakuja na maneno ya Biblia. Mwamini huambiwa afunge siku kadhaa, atoe sadaka ya namna fulani, akeshe katika chumba cha maombi kwa idadi ya usiku aliyopangiwa, na mlango utafunguka. Usipofunguka, kosa ni la imani yake. Mama aliyefiwa na mtoto hubeba misiba miwili, wa mtoto na wa hukumu. Marafiki wa Ayubu walisema hivyohivyo, na mwishoni mwa kitabu Mungu anawakemea wao, si Ayubu aliyelalamika. Kufunga, kukesha na kutoa ni mambo mema yenye mizizi katika Maandiko. Yanapogeuzwa kuwa bei, jina la Yesu limewekwa mahali palipokuwa pa dawa, na hakuna kilichokabidhiwa.

Kinyume cha dawa kimeelezwa katika sura ya tatu ya kitabu cha Danieli. Vijana watatu mbele ya tanuru wanakiri kwamba Mungu wao aweza kuwaokoa, kisha wanaongeza kwamba hata asipofanya hivyo hawataisujudia sanamu. Nusu ya pili ya ungamo lao ndiyo inayolifanya kuwa la kujikabidhi. Mtu wa dawa hawezi kuitamka, maana itabomoa kila kitu alichokisimamia. Anayemwamini Mungu anaweza, kwa sababu tegemeo lake ni Mungu mwenyewe na si matokeo aliyoyapanga.

Kanisa lenyewe liliwahi kujaribu kujijengea dhamana katika mwambao huu. Mwaka 1880 Mapadri Weupe, wamisionari Wakatoliki wa Kardinali Lavigerie, walifungua kituo Mulweba, nchi ya Masanze, ufukwe wa magharibi. Mei 1881 wenzao watatu waliuawa Rumonge, ng'ambo ya ziwa. Mwaka 1883 kazi ilihamia Kibanga, jirani na rasi ya Ubwari, mahali walipopaita Lavigerieville. Waliwakusanya watoto waliokombolewa kutoka utumwani na kuwalea katika kijiji kilichotengwa, kwa matumaini kwamba jamii mpya ya Kikristo ingekua pale ikiwa imekingwa na mazingira yake. Miaka kumi baadaye kituo kilifungwa. Upendo wa watu wale hauna shaka, na baadhi yao walizikwa huko. Hata hivyo, imani haikuenea kando ya Tanganyika kwa kukingwa. Ilienezwa na makatekista waliokaa kati ya watu bila boma, kama Adrian Atiman, mtoto wa Afrika Magharibi aliyeuzwa utumwani, akakombolewa, akasomea utabibu Malta, akafika Karema, ufukwe wa Tanzania, mwaka 1889, na kuwatibu watu wa huko hadi alipofariki mwaka 1956.

Suala la pili, baada ya dhamana, ni uongozi wenyewe. Kumtumaini Mungu aongoze hudai njia ya kuitambua sauti yake, na hapa Ubwari haina anasa ya mijadala mirefu. Risasi zikisikika, familia lazima iamue usiku huohuo: kuondoka au kubaki, kupanda boti ipi, nani atangulie. Wengi wa waliovuka ziwa kwa namna hiyo waliishia Kigoma na kisha kambi ya Nyarugusu, iliyofunguliwa mwaka 1996 na kukaliwa kwa miaka mingi hasa na watu wa Fizi na Uvira. Katika makanisa ya Kipentekoste na ya Kimethodisti ya eneo hili, ndoto na unabii vina nafasi kubwa katika maamuzi hayo, na si haki kuvidharau. Biblia haividharau. Lakini Biblia hiyohiyo, katika barua za Paulo kwa Wakorintho na Wathesalonike, inaagiza unabii upimwe, na upimwe na kusanyiko. Nabii anayekataa kupimwa anadai kitu ambacho mitume hawakukidai. Kumkabidhi mtu mmoja akili na dhamiri ya familia nzima kwa sababu amesema ameonyeshwa si kumkabidhi Mungu. Ni kuhamisha utawala kutoka mkono mmoja dhaifu kwenda mwingine, tena usiowajibika.

Msomaji wa kando ya ziwa ana kielelezo bora katika sura ya 27 ya Matendo ya Mitume, sura ambayo mvuvi huielewa haraka kuliko mwanachuo. Merikebu yenye watu 276 iko katika dhoruba kwa siku kumi na nne. Paulo amepewa ahadi ya wazi kwamba hakuna atakayepotea. Mabaharia wanapojifanya kushusha nanga ili watoroke kwa mashua, Paulo huyohuyo mwenye ahadi anamwonya akida kwamba mabaharia wakiondoka hakuna atakayeokoka, na askari wanazikata kamba za mashua. Paulo anawahimiza wote wale chakula, wapate nguvu. Ngano inatupwa baharini ili chombo kiwe chepesi. Mwishoni wanaojua kuogelea wanajitosa kwanza, na wengine wanafika pwani juu ya mbao. Ahadi haikufuta ujuzi wa baharia. Ilimpa kila mmoja sababu ya kuutumia bila kuwakimbia wenzake. Uongozi wa Mungu humo umepita katika maono, ushauri, chakula na mbao kwa pamoja. Anayetenganisha maono na mengine yaliyobaki anaipunguza habari hiyo.

Kosa la kudhani kwamba kujikabidhi ni kukaa kimya si geni. Miguel de Molinos, padri wa Kihispania, alifundisha Roma kwamba ukamilifu ni roho kuacha kila juhudi, na mafundisho yake yalilaaniwa na Papa Inosenti wa 11 mwaka 1687. Kwa upande wa Waprotestanti, Calvin alikwisha kueleza kwamba Mungu aliyeweka mpaka wa maisha yetu ndiye pia aliyetupa tahadhari na dawa za kuyatunza. Katika mwambao wa Uvira, Fizi na Baraka, ambako kipindupindu hakikomi, jambo hili si la nadharia. Kuyanywa maji ya ziwa yasiyotiwa klorini kwa kusema Mungu analinda ni kurudi juu ya kinara cha hekalu, mahali ambapo Yesu alikataa kujitupa.

Mfano mzito zaidi ni wa sheria. Usiku wa mwaka mpya wa 2011 askari wa jeshi la taifa waliwabaka wanawake wengi katika mji wa Fizi. Mwezi Februari mahakama ya kijeshi inayotembea ilikaa Baraka, wanawake 49 wakatoa ushahidi, na luteni kanali aliyekuwa kamanda akahukumiwa kifungo cha miaka 20. Katika jamii ambamo aibu humwangukia aliyetendewa, kimya kingeweza kabisa kupewa jina la kumwachia Mungu. Kitheolojia jina hilo lingekuwa la uongo. Paulo, katika Warumi 12, anawakataza waamini kujilipizia kisasi, na katika sura inayofuata mara moja anasema mamlaka imewekwa ili kumwadhibu atendaye mabaya. Kisasi kimeondolewa mikononi mwa aliyeumizwa, haki haikuondolewa. Anayesimama mahakamani na kusema kweli amekabidhi kile alichotakiwa kukikabidhi na kushika kile alichotakiwa kukishika.

Hapa ndipo fundisho linapokuwa gumu kuliko kote, kwa sababu kisasi katika Fizi mara chache ni cha mtu mmoja. Ni cha ukoo, cha kabila, cha ardhi. Mgogoro kati ya Wabembe, Wafuliiru, Wanyindu na Wanyamulenge katika nyanda za juu umechoma vijiji vya pande zote, na ugomvi kuhusu kuifanya Minembwe, katika nyanda hizo, kuwa komyuni (eneo la utawala), hatua iliyozinduliwa Septemba 2020 na kusimamishwa na Rais Tshisekedi mwezi uliofuata, ulionyesha jinsi swali la nani atawale lilivyo na uchungu. Wakristo wako pande zote. Wanaimba nyimbo zilezile na wanaomba mapenzi ya Mungu yatimizwe. Vitabu vya kujikabidhi vinazungumza karibu daima na mtu binafsi, na hilo ni pengo. Mchungaji anaweza kuwa amekabidhi nyumba yake, afya yake na watoto wake, na bado asiwe amekabidhi hesabu ya wafu wa upande wake, ambayo kwayo hupima kila neno la jirani. Kanisa lililo na waumini wa lugha moja tu halina mahali pa kuiona hesabu hiyo, kwa sababu wote walio ndani wanaishika pamoja.

Kujikabidhi kwa pamoja, basi, kunadai mambo ambayo sala ya faraghani haiwezi kuyafanya: wachungaji wa pande mbili kusikiliza majina ya wafu wa kila upande katika ibada moja, viongozi wa makanisa kukataa kubariki silaha za vijana wao wenyewe kabla ya kuzilaani za wengine, na kila upande kukiri mbele ya mwingine maovu ambayo watu wake waliyatenda. Uamsho wa Gahini ulijua kutubu hadharani kwa dhambi za mtu. Kutubu hadharani kwa dhambi za kundi bado ni kazi ambayo makanisa ya Fizi, ya nyanda za juu na ya mwambao, hayajaimaliza.