Kichupa cha Zagreb na Ngazi za Sweden

Miezi saba sasa kisigino changu cha kushoto kinanisumbua. Asubuhi nikitoka kitandani natembea kama mzee wa miaka 80 mpaka kano ipate joto. Juzi msee mmoja tunayefanya naye mazoezi akanionyesha kichupa cha unga mweupe, BPC-157. "Buda, wiki tatu tu, utakimbia kama zamani." Bei yake inakaribia kodi yangu ya nyumba. Kwenye kibandiko imeandikwa ni ya utafiti tu, isitumiwe na binadamu. Nikamwambia anipe wikendi, nikaenda kusoma hii kitu imetoka wapi.

Imetoka Zagreb, Kroatia. Mapema miaka ya 1990, wanasayansi wakiongozwa na Predrag Sikirić walianza kuandika kuhusu peptidi hii, mnyororo mfupi wa asidi amino 15, ambao walisema ni kipande cha protini iliyo kwenye maji ya tumbo la binadamu. Wazo lenyewe si la kijinga. Tumbo limejaa asidi kali na bado halijichomi, kwa hivyo huenda kuna kitu ndani yake kinacholilinda. Walianza na vidonda vya tumbo, baadaye wakaingia kwenye kano. Mwaka 2003 wakachapisha matokeo: panya waliokatwa kano ya kisigino walipona vizuri zaidi wakipewa BPC-157.

Panya, wasee. Zaidi ya miaka 20 imepita, na bado hakuna jaribio kubwa la kuaminika la kano za watu.

Sasa, miaka hiyo hiyo ya 1990, kule Umeå kaskazini mwa Sweden, daktari wa mifupa Håkan Alfredson, mkimbiaji pia, alikuwa na kisigino kama changu. Alitaka apasuliwe, bosi wake akakataa. Alfredson akaamua kuiharibu hiyo kano kabisa ili wasiwe na budi ila kumpasua. Akawa anasimama kwenye ukingo wa ngazi na kushusha kisigino polepole, ikiuma anaendelea tu. Kano ikakataa kukatika. Badala yake ikapona!

Mwaka 1998 yeye na wenzake wakachapisha utafiti wa wakimbiaji 15 waliokuwa wakingoja upasuaji. Walishusha visigino mara 180 kwa siku, kila siku, kwa wiki 12, wakiongeza uzito mgongoni maumivu yakipungua. Wote 15 wakarudi kukimbia. Kusema ukweli, tafiti za baadaye hazikutoa matokeo matamu hivyo, wengine ngazi haziwasaidii. Lakini hao angalau walikuwa watu.

Mbona basi msee wa jimu anajua ya Zagreb na hajawahi kusikia ya Umeå? Mimi naona ni kwa sababu ngazi hakuna anayeweza kukuuzia. Ngazi hazina tangazo wala punguzo la mwisho wa mwezi.

Na hapa kwetu hii si stori ya jimu pekee. Tangu 2022 BPC-157 imo kwenye orodha ya WADA ya vitu vilivyopigwa marufuku, kwa sababu haijaidhinishwa kuwa dawa. Kenya tuna sheria yetu ya kupambana na dawa hizo tangu 2016. Kijana wa Iten mwenye kisigino kibovu, anayetegemewa na nyumba nzima, akidungwa na rafiki mwenye nia njema, anaweza kufungiwa miaka. Panya wa Zagreb hawaombwi mkojo.

Jumatatu nilimrudishia msee kichupa chake. Akacheka, akasema nitarudi.

Leo ni siku ya 9 kwenye ngazi za ploti yetu. Inauma vibaya, na mama wa ghorofa ya pili ameshaniuliza kama mwenye nyumba amenifungia mlango.