Sanduku la Dawa: Historia Fupi ya Jumuiya ya Divine Life

Atakaye kuijua asili ya Jumuiya ya Divine Life ya Rishikesh asianzie hekaluni. Aanzie kwenye sanduku la dawa, kwa kuwa mwasisi wake, kabla ya kuitwa Swami Sivananda Saraswati na kuheshimiwa kama walii, alikuwa tabibu. Alizaliwa Pattamadai, kusini ya Bara Hindi, tarehe 8 Septemba 1887, akasoma utabibu Tanjore, na mwaka 1913 akavuka bahari kwenda Seremban, katika nchi iitwayo leo Malaysia, akawa akiwaganga vibarua wa mashamba ya mpira.

Alirejea mwaka 1923, akatangatanga kama fukara hata akafika Rishikesh, ukingoni mwa mto Ganga chini ya Himalaya, na tarehe 1 Juni 1924 Viswananda Saraswati akamtawaza kuwa mtawa. Hapa pana jambo linifurahishalo mno: mtu huyu aliyekwisha kuipa dunia mgongo alikuwa angali na bima yake ya zamani, nayo ilipoiva, mwaka 1927, fedha zile hakuzikataa, bali alifungulia zahanati ya bure huko Lakshman Jhula, katika njia ya mahujaji waliokuwa wakienda hekaluni Badrinath kwa miguu.

Jumuiya yenyewe iliasisiwa mwaka 1936, ilhali makao yake ya awali yalikuwa zizi kuukuu la ng'ombe. Likafuata jarida, kiwanda cha dawa za miti shamba mwaka 1945, na chuo cha yoga mwaka 1948. Vitabu vya Swami vyapita 200, na vingi, kusema kweli, hurudia yale yale, kama daktari amwandikiaye kila mgonjwa dawa ile ile aliyoiamini.

Januari 1950, katika kikao cha ibada, mtu mmoja alimwendea kwa shoka, kilemba kikamkinga. Swami akakataa katakata mtu yule ashitakiwe, akaamuru apewe nauli na vitabu, arudishwe kwao salama.

Alifariki tarehe 14 Julai 1963. Mwanafunzi wake Chidananda alimrithi, akaiongoza Jumuiya hata mwaka 2008; mwanafunzi mwenzake Vishnudevananda alikuwa amekwisha kuipeleka yoga Marekani na Kanada, naye Satyananda, mwanafunzi mwingine, akajenga chuo chake cha yoga mjini Munger. Huko Rishikesh wagonjwa wangali wakitibiwa bila malipo, na katika ukumbi wa nyimbo jina la Mungu, lililoanza kuimbwa tarehe 3 Desemba 1943, laimbwa usiku na mchana, waimbaji wakipokezana zamu kama wauguzi wodini.