Kambove na Likasi: alama za vita zinazopotea ardhini

Katika eneo la Kambove na mji jirani wa Likasi, jimbo la Haut-Katanga, vita viwili vimeacha alama zake chini ya miguu ya wakaaji: Vita vya Pili vya Dunia, na vita vya kujitenga kwa Katanga. Alama hizo hazina ukuta wala kibao. Kila mwaka nyingine zinafukiwa au zinachimbuliwa, na watu waliojua mahali zilipo wanazeeka, ama walikwisha kuhamishwa.

Kwingine, mabaki ya namna hiyo yamepewa heshima ya historia. Uingereza ni mfano. Wakati wa vita na Ujerumani, usiku ndege za adui zilikuja kupiga mabomu, na nchi nzima iliwekewa taa kubwa za kumulika angani ili mizinga ione pa kulenga. Taa hizo zilikuwa na upana wa sentimita 90, na baadaye sentimita 150. Mwanga wake ulitoka kwenye moto wa umeme kati ya vijiti viwili vya kaboni. Jenereta iliwekwa mbali na taa, maana askari walitegea masikio mlio wa ndege na kelele ya mashine ingewasumbua.

Vita vilipokwisha, taa zilipakiwa kwenye malori zikaondoka. Kilichobaki ni duara la udongo shambani, kipande cha saruji, au msingi wa kibanda walimolala askari. Lakini anayejua kusoma ardhi anaelewa: hapa palisimama taa, pale palikuwa jenereta. Kati ya 1995 na 2001, watu wa kujitolea kama 600 walitembea huko Uingereza wakaandika karibu sehemu 20,000 za ulinzi wa vita. Wengi wao walikuwa raia wa kawaida waliojua vijiji vyao.

Katanga haikupigwa mabomu na ndege za adui katika vita hivyo. Walakini vita vilifika hapa kwa njia ya mgodi.

Shinkolobwe iko kilomita kama 20 magharibi mwa Likasi. Madini yake yalionekana mwaka 1915, na tangu 1921 kampuni ya Union Minière du Haut-Katanga ilichimba huko mawe ya kutolea radiamu. Mwaka 1937 mgodi ulifungwa, maji yakaujaa. Mwaka 1940 mkurugenzi wa kampuni, Edgar Sengier, alikwisha kupeleka New York zaidi ya tani 1,000 za mawe yenye urani, yakawekwa ghalani kwenye kisiwa cha Staten Island. Septemba 1942 jeshi la Marekani liliyanunua.

Baadaye wahandisi wa jeshi hilo walitumwa Kongo. Walisaidia kuufungua tena mgodi, wakapanua viwanja vya ndege vya Élisabethville na Léopoldville, yaani Lubumbashi na Kinshasa za leo. Mawe yalipanda treni hadi Port-Francqui, ambayo sasa ni Ilebo, yakashuka kwa mashua mto Kasai, halafu treni tena hadi bandari ya Matadi. Sehemu kubwa ya urani ya mabomu ya kwanza ya atomiki ilitoka Shinkolobwe. Agosti 1945, Hiroshima na Nagasaki ziliungua. Wafanyakazi waliochambua mawe yale kwa mikono hawakuambiwa ni ya kazi gani.

Karibu na uhuru wa 1960, mgodi ulifungwa na mashimo yake yakazibwa kwa saruji. Saruji hiyo nayo ni alama ya vita, sawa na ile ya taa za Uingereza. Tofauti ni kwamba hapa watu walirudi. Kuelekea mwisho wa miaka ya 1990, wachimbaji wa mikono, wale creuseurs, walianza kutafuta kobalti pembeni ya mashimo ya zamani. Kijiji kikakua, na maelfu ya watu wakaishi pale.

Januari 2004 amri ya rais ilikataza uchimbaji Shinkolobwe. Julai mwaka huo sehemu ya mgodi ilibomoka na kuua watu. Agosti kijiji kikabomolewa, na familia zikatawanyika. Wataalamu wa Umoja wa Mataifa walifika mwishoni mwa mwaka wakaonya juu ya hatari ya kubomoka tena na ya mionzi. Sababu ya kufunga ilikuwa nzito. Lakini pamoja na nyumba, ilivunjwa pia ramani iliyokuwa vichwani mwa watu: nani aliishi wapi, makaburi yako upande gani, kambi ya zamani ya wafanyakazi ilianzia wapi.

Likasi, iliyoitwa Jadotville, ina alama yake ya pili. Septemba 1961 askari wa Ireland zaidi ya 150, waliotumwa na Umoja wa Mataifa, walizingirwa pale na jeshi la Katanga. Hawakuwa na mizinga ya kutungulia ndege. Ndege moja tu ya Katanga, aina ya Fouga Magister, iliwashambulia kutoka juu. Kiongozi wao, Pat Quinlan, alikuwa amewaamuru wachimbe mahandaki kabla ya vita. Walisalimu amri tarehe 17, maji na risasi zikiwa zimewaishia, lakini hakuna hata mmoja wao aliyeuawa. Shimo la udongo ndilo lililowaokoa.

Kuzikusanya kumbukumbu hizo hakuhitaji mtu aingie Shinkolobwe. Mahali pale bado ni pa hatari na pamekatazwa. Mengi yamo nyumbani: kitabu cha kazi cha babu, picha ya kambi, jina la mtaa, neno la mama mzee. Lubumbashi ilikwisha kuonyesha njia. Tangu mwaka 2000, mradi wa Mémoires de Lubumbashi, pamoja na mwanahistoria Donatien Dibwe dia Mwembu wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi, umekusanya vitu na maneno ya familia za wafanyakazi ukayaonyesha mbele ya watu.

Familia zilizotoka Shinkolobwe mwaka 2004 zinaweza kuchora mitaa yake kwenye karatasi, mzee akisema na kijana akiandika. Watoto waliozaliwa mwaka ule sasa ni watu wazima, na hawakukiona kijiji hicho kwa macho yao. Wazee wakiondoka bila kusema, saruji itabaki, lakini hakuna atakayejua inafunika nini.