SILAHA MBILI KATIKA ALA MOJA: MAFUNDI WA BRESCIA NA HOFU YA WAKUBWA

Katika majumba ya makumbusho ya Ulaya zimehifadhiwa silaha za kale za Kiitalia ambazo mtazamaji hushindwa kuzipa jina. Kwa upande mmoja ni bastola, kwa upande wa pili ni jambia. Nyingine huonekana kama fimbo ya msafiri, kumbe ndani ni tupu, na mtu akiitikisa kwa nguvu upanga hutoka mbele na kujifunga. Waitalia waliiita brandistocco. Mwanafunzi wa historia hana budi kujiuliza: kwa nini mtu alitaka silaha mbili katika moja, tena ya pili isionekane?

Sababu ya kwanza ni udhaifu wa bunduki yenyewe. Bunduki za karne ya 16 zilikuwa za aina ya gobore. Baruti na risasi vilitiwa kwa mdomo wa mtutu na kushindiliwa, nayo ililia mara moja tu. Baruti ikipata unyevu, haikulia kabisa. Aliyekwisha kupiga mara moja alibaki na kipande cha chuma mkononi huku adui yu karibu. Kwa hiyo mafundi waliunganisha mtutu na jambia, shoka au mkuki. Katika Jumba la Watawala wa Venice zimo hata pinde za mtambo zilizounganishwa na bunduki, nazo ni miongoni mwa silaha za kale kabisa za aina hiyo zilizosalia.

Sababu ya pili ni kufichika. Hapo awali bunduki iliwashwa kwa utambi wenye moto, na mtu hawezi kuficha moto chini ya joho. Mwanzoni mwa karne ya 16 ukatokea mtambo wa gurudumu: gurudumu dogo la chuma lenye meno lilikazwa kwa ufunguo, na kifyatulio kikivutwa lilizunguka kwa kasi na kusugua jiwe hata cheche zikaangukia baruti. Leonardo da Vinci ameacha michoro ya mtambo wa namna hii. Sasa mtu aliweza kwenda karamuni na bastola iliyo tayari, na asijulikane.

Wakubwa waliingiwa na hofu. Mwaka 1517 Kaisari Maximilian wa Kwanza alipiga marufuku katika nchi zake bunduki zinazojiwasha zenyewe. Hofu yao haikuwa ya bure, kwani mwaka 1584 William wa Orange, kiongozi wa Waholanzi, aliuawa kwa bastola nyumbani mwake mjini Delft. Lakini marufuku haikufua dafu. Mtambo wa gurudumu ulikuwa ghali, na walioweza kuununua walikuwa wakubwa hao hao. Kila mmoja alitaka mwenzake anyang'anywe silaha, na yeye abaki na ya kwake.

Nyingi za silaha hizo zilitoka Brescia, mji uliokuwa chini ya Venice tangu karne ya 15 hadi dola hiyo ilipoanguka mwaka 1797. Juu ya mji huo liko bonde la Val Trompia, lenye madini ya chuma, kuni za kutengenezea makaa, na mto wa kuendeshea nyundo. Wahunzi wa kijiji cha Gardone walifua mitutu. Mafundi wa mjini walitengeneza mitambo na vitako vya mti wa jozi, wakavitia nakshi za chuma kilichotobolewa kama lesi. Mwaka 1526 Bartolomeo Beretta wa Gardone alilipwa dukati 296 kwa mitutu 185 aliyoiuzia ghala la silaha la Venice. Katika karne ya 17 jina la Lazarino Cominazzo lilisifika hata mafundi wa nchi nyingine wakaligushi juu ya mitutu yao.

Hapa yafaa kutaja jambo la lugha yetu. Neno letu bunduki limetoka katika Kiarabu, bunduq, maana yake kokwa ndogo, kisha kidonge cha kurushia. Waarabu nao huuita mji wa Venice al-Bunduqiyya. Wako wadhanio kwamba bunduki ilipewa jina la mji huo, lakini jina la mji latokana na Venetia yenyewe. Maneno hayo mawili yamekutana njiani tu.

Kilichoziondoa silaha hizi si amri, ni ufundi bora zaidi. Katika karne ya 17 ilipatikana singe, na mwishoni mwa karne hiyo singe yenye pete, isiyoziba mdomo wa mtutu. Mwaka 1836 Samuel Colt wa Marekani alipata hataza ya bastola yake ya kupiga mara kadhaa bila kujazwa upya. Upanga ndani ya bastola ukawa hauna kazi tena.

Vijana mlioko madarasani, na sisi tunaoandika kanuni maofisini, tuna la kujifunza. Amri inayokataza chombo na kuiacha hofu iliyokizaa haifiki mbali, hasa ikiwa mtoa amri naye amekificha chombo hicho chini ya joho lake.