Gharama ya neno "kama"

Katika lugha yetu neno "kama" ni dogo sana, herufi nne tu. Juma hili nataka tulipime uzito wake, maana limewahi kumpandisha kijana wa Dar es Salaam karibu na kilele cha mpira wa kikapu duniani, na neno hilo hilo likamshusha machoni pa watu. Kijana huyo ni Hasheem Thabeet. Wapimaji wa Marekani walisema: "Huyu ni kama Mutombo."

Vijana wananiuliza mara kwa mara: hivi yule Thabeet alishindwa nini? Mimi naona swali hilo limekaa upande. La kuuliza kwanza ni nani aliyempima, na alimpima kwa kipimo gani.

Kwa wale wasioufuatilia mchezo huu, nieleze kidogo. Ligi ya kulipwa ya Marekani, NBA, haisajili chipukizi kwa kugombania fedha kama zinavyofanya klabu za kandanda. Mara moja kwa mwaka timu huchagua vijana kwa zamu, na zile zilizofanya vibaya msimu uliopita ndizo zinazopigiwa kura kugawana zamu za mwanzo. Uchaguzi huo huitwa drafti. Katika duru ya kwanza timu hupewa dakika tano kutaja jina, na jina likishatajwa hakuna kurudi nyuma.

Taabu ni kwamba chuo si ligi. Chuoni kijana wa miaka 20 hucheza na vijana wenzake, ambao wengi watakuja kuwa walimu na wahasibu. Huko juu atakutana na watu wazima wa miaka 30 ambao kazi yao ni hiyo moja tu. Mchezo wa chuo ni dakika 40, wa kulipwa ni dakika 48. Msimu wa chuo una michezo thelathini na kitu, wa NBA una michezo 82. Hakuna mizani moja ya kupimia sehemu zote mbili. Basi wapimaji hushika njia ya mkato: hutazama nyuma, wakamtafuta mtu aliyekwisha kufaulu, wakasema huyu wa leo anafanana na yule wa jana.

Njia hiyo si ya kijinga. Hata fundi cherehani humshonea mteja mpya kwa kukumbuka umbo la mteja wa zamani. Walakini fundi mwangalifu bado huchukua futi kamba yake.

Tuanze mwaka 1984. Mwaka huo Houston Rockets walichagua wa kwanza, wakamchukua Hakeem Olajuwon, mzaliwa wa Lagos aliyesoma Chuo Kikuu cha Houston. Portland Trail Blazers walichagua wa pili. Portland walikuwa wametwaa ubingwa mwaka 1977 wakiwa na mtu mrefu wa katikati, Bill Walton, hivyo kumbukumbu yao ya furaha ilikuwa na sura ya mtu mrefu. Tena nafasi ya mlinzi mrukaji walikuwa wameijaza mwaka uliotangulia kwa Clyde Drexler. Wakamchukua Sam Bowie wa Kentucky, mwenye urefu wa futi 7 na inchi 1, ingawa kijana huyo alikwisha poteza misimu miwili chuoni kwa kuvunjika mguu. Chicago Bulls, waliochagua wa tatu, wakamchukua aliyebaki. Jina lake Michael Jordan. Bowie aliumia tena na tena. Kwa hakika alifanana na Walton, maana Walton naye miguu ndiyo iliyomkatisha.

Olajuwon kwa upande wake alifanya makubwa. Alikuwa mchezaji bora wa ligi mwaka 1994, akaipa Houston ubingwa mwaka huo na mwaka 1995. Katikati ya habari hiyo, mwaka 1991, Denver Nuggets walimchagua wa nne Dikembe Mutombo wa Kinshasa, aliyetoka Chuo Kikuu cha Georgetown. Mutombo alikuja kutunzwa mara nne kama mlinzi bora wa ligi. Tangu hesabu ya mitupo iliyozuiwa ianze kuandikwa mwaka 1973, Olajuwon ndiye wa kwanza akiwa na 3,830, na Mutombo ni wa pili na 3,289. Waafrika wawili wameshika nafasi mbili za juu!

Hapo ndipo picha ikatengenezwa vichwani mwa wapimaji: mtu mrefu kutoka Afrika, aliyeanza mchezo akiwa amechelewa, anayezuia mitupo, ambaye mengine atajifunza mbele ya safari. Picha hiyo ilikuwa na tundu. Ilikumbuka waliofaulu na kuwasahau wengine. Mwaka 1998 Los Angeles Clippers walimchagua wa kwanza kabisa Michael Olowokandi, mzaliwa wa Lagos aliyekulia London na kuanza mpira huu akiwa mtu mzima tayari. Wengi wakamwona Olajuwon mwingine. Hakuwa. Nyuma yake mwaka huo walikuwapo Vince Carter, Dirk Nowitzki na Paul Pierce. Onyo lilikuwa limekwisha andikwa kwa herufi kubwa, miaka 11 kabla ya zamu ya kijana wetu.

Thabeet alizaliwa Dar es Salaam mwaka 1987, na mpira wa kikapu aliuanza akiwa na miaka kama 15. Akaenda Marekani, akasoma sekondari Texas, kisha akaingia Chuo Kikuu cha Connecticut chini ya kocha Jim Calhoun. Urefu wake futi 7 na inchi 3. Msimu wake wa mwisho, wa 2008 hadi 2009, alipata wastani wa pointi 13.6 kwa mchezo, ribaundi 10.8, na kuzuia mitupo 4.2. Sasa mtazame Mutombo katika msimu wake wa mwisho chuoni: pointi 15.2, ribaundi 12.2, mitupo iliyozuiwa 4.7. Ukiziweka karatasi hizo mbili mezani, utasema ni ndugu wa tumbo moja. Na drafti ya mwaka 2009 ilifanyika tarehe 25 Juni, siku Mutombo alipotimiza miaka 43, miezi miwili tu baada ya jeraha lililomstaafisha. Memphis Grizzlies, waliochagua wa pili, wakamtaja Thabeet. Akawa Mtanzania wa kwanza kucheza NBA, na sifa hiyo hakuna wa kumnyang'anya.

Ni kitu gani basi ambacho karatasi hazikukionyesha?

Kwanza, njia waliyopita. Mutombo alikaa Georgetown miaka minne, akateuliwa akiwa na miaka 25 kamili. Kocha wake, John Thompson, alikuwa mwenyewe mchezaji wa katikati aliyekuwa akiba ya Bill Russell kule Boston. Na katika mazoezi Mutombo alisukumana na Alonzo Mourning, ambaye mwaka 1992 alichaguliwa wa pili na akawa miongoni mwa walinzi wakali wa kizazi chake. Olajuwon naye, likizo za kiangazi mjini Houston, alikuwa akipigwa vikumbo na Moses Malone, aliyekwisha kuwa mchezaji bora wa ligi. Watu hawa waliiva jikoni, mbele ya moto mkali, kabla hawajapakuliwa. Thabeet alitoka chuoni na miaka 22, akiacha mwaka mmoja wa masomo, na mchezo wenyewe akiwa nao kwa takriban miaka saba.

Pili, nguvu za chini. Tarehe 16 Februari 2009, siku aliyotimiza miaka 22, Connecticut walikutana na Pittsburgh. Pale alikuwapo DeJuan Blair, mfupi kwa Thabeet kwa zaidi ya nusu futi. Waswahili husema mtaka cha mvunguni sharti ainame. Blair aliinama, akaingiza bega chini ya mbavu za yule mrefu, akamsukuma nje ya eneo lake usiku kucha. Alimaliza na pointi 22 na ribaundi 23, na Connecticut, waliokuwa wakiongoza orodha ya vyuo vyote nchini, wakafungwa. Wapimaji waliuona mchezo ule. Hata hivyo usiku mmoja nao si hakimu: msimu huo Thabeet na Blair waligawana tuzo ya mchezaji bora wa kanda yao ya Big East, na katika drafti Blair mwenyewe alisubiri hadi nafasi ya 37 kwa sababu ya magoti yake.

Tatu, na hili watu hulisahau, mahali alipopelekwa. Memphis tayari walikuwa na Marc Gasol katikati, na mwezi uliofuata drafti wakamleta Zach Randolph. Gasol huyo naye alikuwa mhanga wa neno "kama". Alipochaguliwa wa 48 mwaka 2007, wengi walimwona mdogo wake Pau tu, asiyeruka kama kaka yake. Mwaka 2013 akatangazwa mlinzi bora wa ligi nzima. Thabeet akawa nyuma ya mtu huyo. Msimu wa kwanza alicheza kama dakika 13 kwa mchezo, na katika dakika hizo chache alizuia mitupo 1.3. Hiyo ina maana kwamba kile kipaji walichokiona chuoni kilikuwa cha kweli. Vilivyopungua ni miguu ya kusimama imara, mikono ya kudaka mpira mgumu, na dakika za kujifunzia. Februari 2010 akashushwa kwenda ligi ya maendeleo, katika timu ya Dakota Wizards, na hadi wakati huo hakuna aliyeteuliwa juu kiasi kile aliyewahi kupelekwa huko. Kuanzia hapo alihamishwa kutoka Houston hadi Portland hadi Oklahoma City. Jumla yake NBA ni michezo 224.

Nne, mchezo wenyewe ulikuwa unahama. Aliyechaguliwa wa tatu mwaka 2009, baada tu ya Thabeet, ni James Harden. Wa saba ni Stephen Curry, kijana mwembamba wa chuo kidogo cha Davidson, ambaye wapimaji walitilia shaka mwili wake. Curry alikuwa mchezaji bora wa ligi mwaka 2015 na 2016, Harden mwaka 2018, na wote wawili walitamba kwa mitupo ya mbali ya pointi tatu. Timu zikaanza kumtaka mtu mrefu akimbie mbali na kikapu, amfukuze mtupaji hadi kwenye mstari. Kazi aliyoajiriwa Mutombo mwaka 1991 ilikuwa inafutwa taratibu siku ile ile Thabeet alipoajiriwa kuifanya.

Kwa hiyo wanaposema Thabeet alikuwa hasara, mimi nakataa. Yeye hakujiita Mutombo. Alipewa jina la mtu mwingine, akapewa na deni la mtu huyo, kisha akahukumiwa kwa kushindwa kulilipa. Kijana aliyeanza mpira na miaka 15 akafika ligi kubwa kuliko zote na kukaa misimu mitano, huyo kwa kipimo chake mwenyewe amefanya kazi. Na kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi, maana baada ya NBA aliendelea kucheza, akafika Japani na Taiwan. Mutombo naye, aliyefariki Septemba 2024, hakukumbukwa kwa mitupo peke yake. Aliacha Kinshasa hospitali yenye jina la mama yake.

Nayasema haya kwa sababu hapa kwetu desturi ile imekwisha kuingia. Kijana akirefuka tu kuliko mlango, mtaa mzima humwambia: wewe ni Thabeet mwingine. Wazazi wanaanza kuhesabu dola, na wapo watu wanaokuja na ahadi za shule za ng'ambo. Mzazi anayeambiwa mwanawe ni kama fulani namshauri asilijibu neno hilo kwa kicheko, bali kwa maswali matatu. Mwanangu ameucheza mchezo huu miaka mingapi? Huko anakopelekwa, ni nani atakayesukumana naye mazoezini kila siku? Na nafasi anayoahidiwa, nani ameikalia sasa hivi? Asiyeweza kuyajibu hayo hajampima mtoto, amempima kwa macho tu, na macho huanza na urefu.

Na mtoto mwenyewe aachwe atumie jina lake. Hadi juma lijalo, kwaherini.