Moto, maji na hofu ya povu: somo la Mahenge (Kifafa, sehemu ya 3)

Kaskazi imeshika, Chalinze joto halisemeki, na leo tunaendelea na somo letu la kifafa. Niliahidi historia. Nivumilie kidogo, mwishoni utaona kwa nini nimeanzia mbali.

Mama mmoja alianguka jikoni kwake, mguu ukaingia kwenye mafiga. Majirani walikuwepo, tena wengi. Walipiga kelele, wakarusha maji wakiwa mbali. Hakuna aliyemshika mpaka povu lilipokauka mdomoni. Mimi nilikuwa miongoni mwa waliomfunga vidonda. Degedege lilichukua dakika mbili tatu tu, ule mguu ulichukua miezi.

Majirani wale hawana roho mbaya, nawafahamu. Ila wamerithi hofu, na hofu hiyo ina historia yake.

Ukipanda basi hapa njia panda kuelekea Morogoro, ukapita Mikumi, ukashuka Ifakara na kuvuka mto Kilombero, utapanda milima mpaka Mahenge, wilaya ya Ulanga. Huko, karibu na wakati wa Uhuru, alifika daktari kijana mzaliwa wa Norwei, Louise Jilek-Aall. Akawakuta Wapogoro wengi wenye kifafa, na wengi wao wana makovu ya moto. Alipouliza, akaelewa. Watu waliamini kifafa kinaambukiza kwa mate, kwa mkojo, hata kwa hewa inayomtoka mgonjwa. Kwa hiyo mgonjwa alikula peke yake na kulala pembeni. Akiangukia motoni au mtoni, waliokuwa karibu waliogopa kumgusa.

Mwanzoni mwa miaka ya 1960 alianzisha kliniki ya kifafa pale Mahenge. Dawa yake kubwa ilikuwa fenobabitoni, dawa ya bei nafuu iliyokuwa ikitumika kwa kifafa tangu 1912. Takribani nusu ya wagonjwa waliacha kabisa kuanguka, na wengine wengi walipungukiwa. Yaani watu waliokuwa wamekatiwa tamaa walirudi shambani.

Sasa sikiliza sehemu inayouma. Mwaka 1992 Jilek-Aall na daktari mwenzake Mtanzania, Rwiza, walitoa taarifa ya wagonjwa 164 wa kliniki ile waliofuatiliwa kwa miaka 30. Thuluthi mbili walikuwa wameshafariki. Na zaidi ya nusu ya vifo hivyo vilihusiana na kifafa chenyewe: degedege lisilokatika, kuzama majini, kuungua moto.

Soma tena hayo mawili ya mwisho. Maji na moto. Hapo dawa peke yake haitoshi, inahitajika mikono ya mtu aliye karibu. Ndiyo maana nimekuletea historia hii msimu huu wa joto, maana ndio wakati tunapokuwa karibu zaidi na maji, na usingizi hauji.

Kama una kifafa, au unaishi na mwenye nacho, shika haya:

Maji. Usiogelee peke yako, iwe Ruvu, Wami, lambo la ng'ombe au baharini Bagamoyo. Awepo mtu mzima anayejua kuogelea na anayejua hali yako. Nyumbani oga kwa kopo, na mlango usiufunge kwa komeo.

Moto na urefu. Ukiweza, mwingine apike. Kama ni lazima upike wewe, usiwe peke yako, na mafiga yazungushiwe kinga ya udongo. Msimu wa maembe ndio huu, lakini juu ya mwembe siyo mahali pako. Wala kuendesha bodaboda.

Usingizi na maji ya kunywa. Kukosa usingizi kunaamsha degedege kwa wengi. Joto likikunyima usingizi usiku, pumzika mchana kivulini. Kunywa maji mara kwa mara. Homa ikianza, nenda kapime malaria, usisubiri.

Dawa. Ukisafiri sikukuu, beba dawa za kukutosha na siku za ziada. Usiziache ndani ya gari juani. Ramadhani ikikaribia, njoo kliniki mapema tupange saa za kumeza kabla hujaanza kufunga. Usikatishe dawa mwenyewe, kukatisha ghafla ndiko kunakoleta degedege lisilokatika.

Na wewe jirani, hili ni lako. Mate hayaambukizi kifafa. Povu haliambukizi. Mvute atoke motoni, kisha mwagia sehemu iliyoungua maji safi ya baridi kwa dakika 20. Akiwa majini, mshike kichwa kiwe juu, mtoe, halafu mpeleke kituo cha afya hata kama anaonekana mzima. Nchi kavu, weka kanga chini ya kichwa, legeza nguo shingoni, na likiisha mlaze ubavu. Usimtie kijiko mdomoni, usimshikilie kwa nguvu, usimnusishe kiatu. Tazama saa. Zikipita dakika 5, au likirudi kabla hajazinduka, au ni mjamzito, tafuta gari mara moja.

Yule mama amepona. Anatembea, anameza dawa zake, na jirani mmoja siku hizi anakaa naye jikoni jioni. Aliniuliza, "Nesi, kwa hiyo siku ile ningemshika tu?" Nikamwambia ndiyo, ungemshika tu. Akanyamaza kimya kirefu.

Tafadhali mweleze hata mtu mmoja leo, kabla hajahitaji kulijua.

Sehemu ya nne tutaongelea kifafa na shule. Maswali andika hapa chini, nitayajibu nikitoka zamu.